Maisha ya Louis Braille, Aliyewafungulia Vipofu Kitabu

Wasomaji wa gazeti letu, muhula huu napenda kuwasimulieni habari za mtu ambaye hakuwa mfalme, wala jemadari, wala tajiri. Hakushinda vita yo yote, wala hakugundua nchi mpya. Alikuwa mwana wa fundi wa kijijini, akawa mwalimu wa shule, akafa akiwa na umri wa miaka 43 tu. Jina lake ni Louis Braille, naye alikuwa Mfaransa. Nimemchagua yeye kwa sababu maisha yake yote yahusu kitu ambacho sisi wanafunzi tunacho kila siku, tangu kengele ya asubuhi mpaka taa za mabweni zizimwapo, nacho hatukihesabu kuwa ni mali. Kitu chenyewe ni uwezo wa kufungua kitabu tukakisoma, na kufungua daftari tukaona tuliyoyaandika jana.

Ukimwuliza mwanafunzi ana mali gani, atakuhesabia sanduku lake, nguo zake, viatu, na labda saa ya mkononi. Ni nadra sana kumsikia akitaja macho yake. Wala si ajabu, maana kitu kilichozoeleka hakitazamwi tena. Mwenye kisima mlangoni hayasifu maji. Ayasifuye ni yule ayafuataye mbali na ndoo kichwani. Vivyo hivyo, nadhani hakuna awezaye kutufundisha thamani ya kusoma kama mtu aliyeukosa uwezo huo utotoni, akautafuta kwa miaka, na mwisho akaupata kwa ncha za vidole vyake mwenyewe.

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, mashariki ya mji wa Paris. Alikuwa kitinda mimba katika watoto wanne. Baba yake, Simon-René, alikuwa fundi wa matandiko na hatamu za farasi. Zama hizo hapakuwa na motokaa wala gari la moshi katika sehemu zile. Kila aliyetaka kusafiri, kulima au kuchukua mizigo alimhitaji farasi, na kila mwenye farasi alimhitaji fundi wa ngozi. Kwa hiyo nyumba ile haikuwa ya kitajiri, lakini haikukosa chakula wala heshima.

Mtoto Louis alipenda kucheza katika karakana ya baba yake, kati ya vipande vya ngozi, nyundo na visu. Siku moja mwaka wa 1812, alipokuwa na umri wa miaka 3, alikamata chombo chenye ncha kali kitumiwacho kutobolea ngozi, akajaribu kufanya kama alivyomwona baba yake akifanya. Chombo kikateleza, kikamchoma jicho moja. Wazazi wake walifanya yote waliyoyajua, lakini siku zile madaktari hawakuwa bado na dawa za kuzuia vijidudu katika jeraha. Ubaya ukapanda katika jicho lile, kisha ukaingia na katika jicho la pili. Alipofika umri wa miaka 5, Louis alikuwa haoni kabisa.

Yafaa tujue jinsi hali ya vipofu ilivyokuwa wakati ule. Katika miji mingi ya Ulaya, kipofu wa ukoo maskini alikuwa hana kazi ila kuketi njiani na kunyosha mkono. Wazazi wa Louis walikataa mwana wao asiwe hivyo. Baba alimchongea fimbo apate kutambua njia, na mtoto akajifunza kuzunguka kijijini pasipo kushikwa mkono. Husimuliwa pia kwamba baba yake alipigilia misumari katika ubao kwa umbo la herufi, ili mwanawe azipapase na kuzijua. Padre wa mahali pale akamfundisha, kisha akapelekwa katika shule ya kijiji pamoja na watoto wenye macho.

Huko shuleni Louis alionekana kuwa na akili nyingi na kumbukumbu njema sana. Alilolisikia mara moja hakulisahau. Lakini elimu ya kusikia tu ina mpaka wake. Mwalimu aliponyamaza na wenzake wakafungua vitabu, masomo ya Louis yalikuwa yamekwisha kwa siku ile. Wenzake waliweza kurudia somo nyumbani, yeye hakuweza. Walipokuwa na shaka waliweza kutazama tena. Yeye ilimpasa kumwuliza mtu.

Wakubwa wa kijiji walipoona hayo, wakamwombea nafasi katika shule ya vijana vipofu iliyokuwapo Paris. Aliingia katika shule hiyo mwezi wa Februari 1819, akiwa na umri wa miaka 10. Shule ile ilikuwa imeanzishwa na Bwana Valentin Haüy mwaka wa 1785, nayo yahesabiwa kuwa ya kwanza ya namna yake duniani. Jengo lake lilikuwa kuukuu, lenye unyevu na baridi, ambalo wakati wa mapinduzi ya Ufaransa lilitumiwa kuwa gereza. Wanafunzi wake walifundishwa sarufi, hesabu, historia na muziki. Tena walifundishwa kazi za mikono, kama vile kufuma na kutengeneza viatu vya nyumbani. Louis aliyapenda yote, na hasa kinanda.

Shule ile ilikuwa na vitabu, na hilo lenyewe lilikuwa jambo kubwa. Bwana Haüy alikuwa amebuni njia ya kupiga chapa herufi kubwa katika karatasi nene iliyoloweshwa, hata zikainuka upande wa pili, kipofu aweze kuzipapasa. Hebu fikirini kazi ya kusoma kitabu cha namna hiyo. Herufi moja ilikuwa kubwa kupita ncha ya kidole, kwa hiyo msomaji alipaswa kuizunguka kwa kidole chake, kona kwa kona, mpaka aitambue. Alipofika mwisho wa sentensi ndefu, mwanzo wake ulikuwa karibu kumtoka kichwani. Vitabu vyenyewe vilikuwa vizito mno, tena vichache, kwa kuwa gharama ya kuvitengeneza ilikuwa kubwa.

Lakini upungufu mkubwa kuliko wote ni huu: kwa njia ile kipofu aliweza kusoma kidogo, bali hakuweza kuandika. Herufi zile hupigwa kwa mitambo ya chapa, hazichorwi kwa mkono. Mwanafunzi hakuweza kuandika muhtasari wa somo, wala kufanya hesabu ndefu akairudia, wala kumpelekea mama yake barua aliyoiandika mwenyewe. Mawazo yake yalibaki kichwani, na asipoyakumbuka yalipotea. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwa sababu ndipo ilipo roho ya habari hii. Sisi twadhani kwamba kusoma na kuandika ni vitu viwili vinavyokwenda pamoja, kama mguu wa kulia na wa kushoto. Louis aliishi mahali ambapo mguu mmoja ulikuwa dhaifu na wa pili haukuwapo kabisa.

Mwaka wa 1821, Louis alipokuwa na umri wa miaka 12, jambo jipya liliingia shuleni. Bwana mmoja aitwaye Charles Barbier, aliyekuwa zamani ofisa katika jeshi la mizinga, alileta namna ya kuandika kwa nukta zilizoinuka katika karatasi. Wengi husimulia kwamba aliibuni ili askari wapelekeane habari gizani pasipo kuwasha taa. Vijana wale walipopapasa nukta zile, wakaona mara moja kwamba kidole huzitambua upesi kuliko mistari ya herufi za kawaida. Isitoshe, mtu aliweza kuziandika kwa mkono wake, kwa kutoboa karatasi kwa kalamu ya ncha kali isiyo na wino.

Hata hivyo njia ya Bwana Barbier ilikuwa na kasoro. Kila alama yaweza kuwa na nukta hata 12, zilizosimama katika safu mbili za nukta sita sita, na umbo refu namna hiyo halikuenea chini ya ncha ya kidole kimoja. Tena alama zake zilifuata sauti tu, wala hazikuonyesha tahajia ya maneno. Alama za kituo hazikuwamo, wala za tarakimu, wala za muziki. Ilitosha kwa habari fupi, lakini haikutosha kwa mtu atakaye kusoma vitabu na kuwa mwenye elimu.

Hapo ndipo Louis alipoanza kazi yake. Mchana alikuwa na masomo kama wenzake. Kwa hiyo alifanya majaribio yake usiku wenzake walipolala, na wakati wa likizo nyumbani Coupvray. Alipunguza nukta, akazipanga, akazipangua, akazipapasa, akaanza tena. Kazi hiyo ilimchukua kama miaka mitatu. Kufika mwaka wa 1824, akiwa kijana wa miaka 15, ambaye hapa kwetu angekuwa bado katika vidato vya chini, alikuwa ameipata njia ambayo watu wasioona duniani kote waitumia mpaka leo. Waswahili wengi huiita maandishi ya nukta nundu.

Siri yake ni nyepesi kueleza. Badala ya nukta 12, Louis alichukua 6 tu, katika safu mbili za nukta tatu tatu. Umbo hilo laenea sawasawa chini ya ncha ya kidole, kidole kikalijua kwa mguso mmoja bila kuzunguka. Nukta hizo 6 zaweza kupangwa kwa namna 63, nazo zatosha herufi zote, alama za kituo, tarakimu na muziki. Wala hakuzipanga ovyo. Herufi 10 za kwanza, tangu A mpaka J, hutumia nukta 4 za juu tu. Herufi 10 zifuatazo ni zile zile, ila huongezewa nukta ya chini upande wa kushoto. Zinazobaki huongezewa nukta zote mbili za chini. Herufi W haikuwamo katika mpango huo, maana Wafaransa wakati ule hawakuihitaji, iliongezwa baadaye. Kwa tarakimu alitumia tena zile herufi 10 za kwanza, zikitanguliwa na alama ya kuonyesha kwamba sasa ni hesabu.

Tuchukue mfano wa kwetu. Herufi A ni nukta moja, ya juu kushoto. Herufi B ni nukta mbili, moja juu ya mwenzake upande huo huo. Basi neno "baba" ni mbili, moja, mbili, moja: jumla nukta 6, limekwisha. Wahenga wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na ni kweli; lakini kidole kimoja cha kijana yule kiliweza kusoma kitabu kizima.

Kuandika nako kuna ufundi wake. Karatasi hubanwa katika kibao chenye vitundu, kisha mwandishi hutoboa nukta moja moja kwa kalamu ya ncha. Kwa kuwa nukta hujitokeza upande wa pili wa karatasi, yampasa kuandika kutoka kulia kwenda kushoto, na kila herufi aigeuze. Akiisha kuipindua karatasi, maandishi husomwa kutoka kushoto kwenda kulia kama kawaida. Nimefikiri mara nyingi juu ya kalamu ile ya ncha kali. Haina tofauti kubwa na chombo kile cha ngozi kilichompotezea Louis macho yake.

Likizo iliyopita nilipata bahati ya kuyaona maandishi haya yakifanya kazi. Tunaye jirani, mzee asiyeona aliyewahi kuwa mwalimu, ambaye watoto wote wa mtaani humwita Babu. Nilipokwenda kumwamkia jioni nilimkuta ameketi sebuleni na kitabu kikubwa mapajani. Aliitikia shikamoo yangu, akanipa kitabu nikipapase. Nilifumba macho nikapitisha kidole, nikasikia vipele vipele tu, kama ngozi ya mtu aliyeshikwa na baridi. Babu akapitisha mkono wake pale pale, akausoma ukurasa kwa sauti wala hakukwama hata mahali pamoja.

Tungali tukizungumza, umeme ukakatika. Wajukuu wake waliokuwa wakifanya hesabu mezani walipiga kelele, wakaanza kugongana wakitafuta kibiriti. Babu akauliza kuna nini. Alipoambiwa kwamba taa zimezimika, alicheka, akawaambia wakae watulie, akaendelea kuwasomea hadithi pale alipoachia. Kwa muda wa kama robo saa sisi wenye macho sote tulikuwa vipofu, na msomaji wa nyumba ile alikuwa yeye peke yake. Nilielewa usiku ule kwamba kusoma kwetu kwategemea vitu viwili tusivyovifikiri, jicho na nuru, na kwamba Louis Braille alikuwa ameondoa haja ya vyote viwili.

Turudi sasa Paris. Mwaka wa 1829 Louis alitoa kitabu cha kueleza njia yake kwa maneno na kwa muziki. Mwaka wa 1833 akawa mwalimu kamili katika shule ile ile aliyosomea, akafundisha masomo mengi, yakiwamo sarufi, historia, hesabu na muziki. Alikuwa pia mpiga kinanda hodari, akapiga katika kanisa la Saint-Nicolas-des-Champs mjini Paris. Mwaka wa 1837 akatoa kitabu chake mara ya pili, baada ya kuyatengeneza yaliyopungua. Mwaka wa 1839 alieleza njia nyingine ya kuandika kwa nukta, yenye kufuata umbo la herufi za kawaida, ili kipofu aweze kumwandikia mtu mwenye macho na barua yake isomeke. Hapo kijana aliyekuwa Paris aliweza kuwaandikia wazazi wake kijijini kwa mkono wake mwenyewe.

Waliomjua humsimulia kuwa mtu mpole, mnyenyekevu, mwepesi wa kuwapa wenziwe alicho nacho, asiyependa kujivuna kwa alilolifanya. Wanafunzi wake waliipenda njia yake tangu mwanzo. Sasa waliweza kuandika masomo, kuyasoma tena usiku chini ya blanketi, kuona makosa yao na kuyasahihisha. Mwanafunzi mwenye macho huona kusahihisha kuwa adhabu. Kwa vijana wale ilikuwa ni furaha, maana ni mara ya kwanza walipoweza kukutana na maneno yao wenyewe baada ya kuyaandika.

Lakini njia yenyewe haikukubaliwa upesi. Mkuu wa shule aliyekuwapo kwa miaka mingi, Bwana Pignier, aliwaachia wanafunzi waitumie. Mwaka wa 1840 aliondolewa, na mahali pake akashika Bwana Dufau. Huyu hakuitaka. Sababu yake haikuwa uovu. Watu wengi wenye macho walidhani kwamba vipofu wakiwa na maandishi yao peke yao watatengwa na watu wengine, na kwamba ni afadhali watumie herufi zile zile za kila mtu, hata kama huwachelewesha. Ni kosa la watu wema wanaomwamulia mwenzao bila ya kumwuliza. Basi nukta zikakatazwa shuleni.

Wanafunzi hawakuziacha. Waliendelea kuandika kwa siri, wakubwa wakawafundisha wadogo. Hebu fikirini, ndugu zangu, shule ambayo kosa la mwanafunzi ni kukutwa akiandika masomo yake! Katika shule nyingi walimu huwatafuta wanafunzi waliojificha wasisome. Huko walijificha wapate kusoma. Mwisho msaidizi wa mkuu, Bwana Joseph Guadet, aliona kwamba vijana hawa hawatashindwa, akamshauri mkuu wake abadili nia. Mwezi wa Februari 1844 shule ilipofungua rasmi jengo lake jipya, njia ya Louis ilionyeshwa mbele ya wageni. Husimuliwa kwamba mwanafunzi mmoja aliandika maneno aliyosomewa, na mwenziwe, aliyekuwa nje wakati huo, akaitwa akayasoma yote kwa kidole bila kukosea. Wageni wakastaajabu.

Wakati huo Louis mwenyewe alikuwa mgonjwa. Kwa miaka mingi alikuwa na kifua kikuu, na unyevu wa jengo la zamani haukumsaidia. Alilazimika kuacha kufundisha, akarudi alipopata nafuu, akaacha tena. Alikufa Paris tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43, akazikwa kijijini kwao. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1854, njia yake ilikubaliwa rasmi Ufaransa. Mwaka wa 1878 mkutano wa watu wa nchi mbalimbali uliokutana Paris uliichagua kuwa njia ya kuwafundishia wasioona. Mwenyewe hakuyaona hayo. Mwaka wa 1952, miaka 100 baada ya kufa kwake, Wafaransa waliuhamisha mwili wake kwenda Panthéon, jengo la Paris wanamozikwa watu wakuu wa nchi ile. Lakini watu wa Coupvray waliomba wabakiziwe kitu kimoja, nao wakapewa: mikono yake. Imewekwa katika chombo juu ya kaburi lake la kwanza. Naona walichagua vema.

Kazi ya kijana yule imefika mbali. Imefika Thika nchini Kenya, ambako shule ya watoto wasioona ilianzishwa mwaka wa 1946, na Buigiri karibu na Dodoma nchini Tanzania, na mahali pengi penginepo. Kiswahili chetu chaandikwa kwa nukta zile 6 bila taabu. Mwaka wa 2018 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 4 Januari, siku aliyozaliwa Louis, kuwa siku ya kuyakumbuka maandishi hayo kila mwaka. Siku hizi zipo simu na kompyuta zinazomsomea mtu kwa sauti, na wengine husema nukta hazina kazi tena. Sidhani hivyo. Kusikia kitabu si sawa na kukisoma. Asikiaye hupelekwa na sauti; asomaye husimama atakapo, hurudi nyuma, huona jinsi neno linavyoandikwa, na huandika lake. Hilo ndilo Louis alilolitafuta, maana kusikia alikuwa nako tangu mwanzo.

Sasa, je, habari hii yatudai nini sisi wenye macho? Haitudai tukae tukilia kwa kuwahurumia wasioona. Babu, jirani yetu, hahitaji machozi yangu. Ahitaji vitabu zaidi vya nukta nundu, maana ni vichache na ni ghali. Wala haitoshi kusema kwa mdomo kwamba twashukuru. Shukrani ya kitu ni kukitumia. Mwenye jembe alishukuruye hulipeleka shambani. Akiliacha likashika kutu, maneno yake ya shukrani ni bure.

Kwa hiyo naona shukrani ya macho kwa mwanafunzi si jambo la ajabu. Ni kusoma ukurasa mzima kabla ya kuugeuza. Ni kulirudia daftari la jana, jambo ambalo Louis alilifanyia kazi kwa miaka mitatu ili liwezekane. Ni kusahihisha kosa bila kununa. Ni kutunza vitabu vya maktaba yetu, tusivichane wala kuvichora, kwa sababu kila kimoja chasomwa kwa wepesi ambao vijana wa shule ile ya Paris hawakuujua. Na kama darasani yuko mwenzetu aonaye kwa shida, tumsomee ubaoni pasipo kungoja atuombe. Lakini kwanza tumwulize yeye mwenyewe ataka kusaidiwa namna gani, tusije tukamwamulia kama walivyofanya wale wema wa Paris.

Mtu akitaka kuyapima maneno yangu, na afanye jaribio dogo saa ya kujisomea usiku. Achukue kitabu akipendacho, akifungue mahali pazuri zaidi, kisha afumbe macho kwa dakika 10 huku mkono wake umelala juu ya ukurasa. Karatasi ni laini, haisemi neno. Hadithi yote imo chini ya mkono wake, wala hawezi kuipata. Dakika zikitimia afumbue macho, asome mstari wa kwanza.